Je, Nchi ya Sannikov Iliwahi Kuwepo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Baba yangu alisomea uhandisi Moscow mwishoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo akiwa na furaha hupiga mluzi wimbo mmoja wa Kirusi. Juzi tumetazama pamoja filamu yenye wimbo huo, Zemlya Sannikova, yaani Nchi ya Sannikov. Wanaume wachache wanavuka barafu kwa kuwafuata ndege wanaoruka kuelekea kaskazini, na huko mbele wanakuta bonde lenye joto na watu wake. Baba anasema hadithi ile ina ukweli ndani yake. Mimi nasema yote ni ya kubuni. Nani kati yetu yuko sahihi? Msomaji, Tanga.

Marahaba, mwanangu. Baba yako yuko karibu zaidi na ukweli. Bonde la joto katikati ya barafu halikuwahi kuwepo, na watu wale wa bondeni ni wa kubuni. Lakini Sannikov aliishi, na yeye na wengine waliosema wameiona nchi ile kwa macho yao walikuwa watu wazima wenye akili timamu. Mmoja wao, mwanasayansi, alikufa akiitafuta. Mimi husikitika kila nikiitazama filamu hii, kwa sababu kisa cha kweli kimebaki nje yake, na kisa hicho kinaishinda kwa mbali.

Nianze na filamu yenyewe, maana mzee anaipenda na ana haki ya kuipenda. Ilitengenezwa na studio ya Mosfilm na kuonyeshwa mwaka 1973, ikiongozwa na Albert Mkrtchyan na Leonid Popov. Zaidi ya watu milioni 40 walikata tiketi kuiona katika majumba ya sinema ya Muungano wa Kisovieti. Ilyin, mhamishwa wa kisiasa anayeigizwa na Vladislav Dvorzhetsky, anamshawishi tajiri wa machimbo ya dhahabu agharimie safari ya kuitafuta nchi isiyojulikana. Anafuatana na Krestovsky, afisa mcheza dau asiyejali kufa wala kupona, ambaye ni Oleg Dal. Na Gubin, mtoro kutoka kifungo cha kazi ngumu, ambaye ni Yuri Nazarov. Ignaty, mtumishi wa yule tajiri, anaingizwa safarini kwa siri. Huyo ni Georgy Vitsin, mchekeshaji aliyependwa mno na Warusi, na hapa amepewa nafasi ya mtu anayechekesha na kutia huruma kwa pamoja. Nadhani ndiye mwigizaji bora kuliko wote humo ndani.

Utengenezaji wake haukuwa mwepesi. Nafasi ya Krestovsky ilikuwa ya Vladimir Vysotsky, mwimbaji na mwigizaji aliyependwa na umma na kushukiwa na wakubwa. Alikwisha kukubaliwa, kisha viongozi wa studio wakamwondoa, na Dal akaitwa badala yake. Dal alikuwa mwigizaji makini wa jukwaani, na hakuridhika na namna kazi ilivyokuwa ikienda. Wala Dvorzhetsky hakuridhika. Walitaka filamu inayohusu watu na nafsi zao, huku wao wakiona inageuka kuwa mbio na vishindo. Ukiitazama tena utaona mvutano huo: kuna dakika ambapo nyuso zao zinasema mambo mengi ambayo maneno waliyoandikiwa hayasemi.

Na wimbo je? Muziki ni wa Aleksandr Zatsepin, maneno ni ya Leonid Derbenyov. Unasema kwamba mwanadamu ana kitambo kifupi tu kati ya yaliyopita na yajayo, na kitambo hicho ndicho tunachokiita maisha. Kwenye filamu unamwona Dal akiuimba, ila sauti unayoisikia si yake. Dal aliurekodi, kisha studio ikaamua sauti itakayotumika iwe ya Oleg Anofriev. Dvorzhetsky alifariki mwaka 1978 na Dal mwaka 1981, na kila mmoja alikuwa na umri wa miaka 39. Warusi wa rika la baba yako wanalijua hilo, na wengi wao huwakumbuka wawili hao kila wimbo unapopigwa.

Sehemu ya mandhari ya nchi ile ya joto ilipigwa Kamchatka, mashariki kabisa ya Urusi, katika Bonde la Chemchemi za Moto ambako maji yachemkayo huruka juu kutoka ardhini. Mvuke ule ni mvuke kweli. Mwanajiolojia Tatyana Ustinova ndiye aliyelitangaza bonde hilo kwa dunia mwaka 1941, akiwa ameongozwa na mwenyeji wa eneo hilo, Anisifor Krupenin. Mwezi Juni 2007 mlima uliporomoka na tope likafukia sehemu ya bonde, kwa hiyo filamu za zamani kama hii zimebaki kuwa kumbukumbu ya jinsi lilivyokuwa.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe.

Yakov Sannikov alikuwa mwindaji na mfanyabiashara wa kaskazini mwa Siberia, mwanzoni mwa karne ya 19. Kazi yake ilikuwa kutega mbweha weupe na kuokota pembe za mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya marefu, ambazo katika Visiwa vya Novosibirsk zinajitokeza kila ufuo unapomomonyoka. Mtu wa kazi hiyo anaishi kwa macho yake. Asipojua kutofautisha mlima na wingu, au barafu imara na barafu iliyooza, hachukui muda kufa. Sannikov ndiye aliyefika wa kwanza katika baadhi ya visiwa vile, na vipo kwenye ramani hadi leo. Kati ya mwaka 1809 na 1811, akiwa katika msafara wa upimaji ulioongozwa na Matvei Gedenschtrom, aliripoti kuona milima mirefu ya mawe mbali baharini, kaskazini ya Kotelny, kimojawapo cha visiwa hivyo. Aliripoti pia weusi wa nchi kavu upande mwingine, kaskazini mashariki ya kisiwa cha Novaya Sibir. Gedenschtrom akaziweka kwenye ramani kama nchi zilizoonwa na Sannikov.

Miaka kumi hivi baadaye msafara wa luteni Pyotr Anjou ulikwenda juu ya barafu kuzitafuta. Hawakuona kitu. Mambo yangeishia hapo, lakini mwaka 1881 mabaharia wa Marekani waliokuwa wamekwama barafuni na meli yao Jeannette walifika kwenye kisiwa ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote. Wakakiita kisiwa cha Bennett. Kipo kaskazini ya Novaya Sibir, upande uleule ambao Sannikov alisema kuna nchi, na wengi wakaona kwamba mojawapo ya nchi zake imepatikana. Kama alisema kweli kuhusu moja, kwa nini asiaminiwe kuhusu nyingine?

Jina hilo la Bennett linatuhusu na sisi huku. Ni James Gordon Bennett, mwenye gazeti la New York Herald. Yeye ndiye aliyegharimia safari ya Jeannette, na ndiye aliyemtuma Stanley kuja kumtafuta Livingstone, wakakutana Ujiji mwaka 1871. Mkoba uleule wa fedha ulilipia wapagazi waliotembea kutoka Bagamoyo hadi Tanganyika na mbwa waliokufa barafuni. Nitarudi kwa wapagazi hao baadaye kidogo.

Mtu wa tatu katika kisa hiki ni baroni Eduard Toll, mwanajiolojia aliyezaliwa mwaka 1858 katika mji ambao leo unaitwa Tallinn. Tarehe 13 Agosti 1886, siku ya anga safi kabisa, akiwa pwani ya kaskazini ya Kotelny, aliona vizuri milima minne yenye vilele bapa baharini. Akapima mwelekeo, akaandika kwenye daftari. Kuanzia siku hiyo maisha yake yalikuwa na swali moja. Aliporudi kaskazini mwaka 1893 kiongozi wake wa njia alikuwa mzee wa huko aitwaye Dzhergeli, ambaye alikuwa ameiona nchi ile mara kadhaa. Toll alimuuliza kama angependa kuifikia. Yule mzee akamjibu kwamba angefurahi kuikanyaga mara moja tu, kisha afe.

Mwaka 1900 Toll aliondoka St. Petersburg na merikebu Zarya kwa ajili hiyo hasa. Kiangazi cha 1901 walipita karibu na mahali ambapo nchi ilipaswa kuwepo, wakakuta ukungu mnene. Yumkini wangepita karibu na mlima mzima na wasiuone. Mwaka 1902 Toll aliamua kwenda kisiwa cha Bennett kwa sleji za mbwa na mitumbwi, akiwa na mwanafalaki Friedrich Seeberg, mtaalamu wa nyota, na wawindaji wawili wenyeji wa kaskazini, Vasily Gorokhov na Nikolai Protodyakonov. Mpango ulikuwa Zarya iwafuate kiangazi iwachukue. Barafu iliizuia. Ikarudi bila wao.

Walikaa pale kisiwani mpaka Novemba. Kisha, katika giza la majira ambayo jua halichomozi kabisa, wakaanza kurudi kusini, zaidi ya kilomita 100 za bahari iliyoganda nusu. Toll aliacha maelezo yake ndani ya kibanda. Ndani yake ameeleza miamba ya kisiwa, wanyama, na ndege wa kupita: tai aliyetoka kusini kwenda kaskazini, kozi aliyetoka kaskazini kwenda kusini, na kundi la bata bukini lililotoka kaskazini. Akaongeza kwamba kwa sababu ya ukungu, nchi ambako ndege hao walitokea haikuonekana. Mwisho ameandika kwamba wanaondoka siku hiyo, wana chakula cha siku 14 hadi 20, na wote ni wazima. Tarehe ni 8 Novemba 1902. Hawakuonekana tena, si wao, si sleji wala mtumbwi wao.

Hapo umepata ndege wa filamu yako. Hawakubuniwa na mwandishi wa filamu. Mtu mwenye chakula cha wiki mbili, mbele yake giza na bahari, bado anaandika walikoelekea ndege.

Aliyeyakuta maandishi hayo ni luteni kijana wa msafara uleule, Aleksandr Kolchak, aliyekwenda kumtafuta mkuu wake mwaka 1903 kwa mashua ya wazi akiwa na watu sita, wakipiga makasia kati ya vipande vya barafu. Njiani alitumbukia majini, na baharia Nikifor Begichev akamwokoa. Ni huyo huyo Kolchak ambaye baadaye alikuwa amiri na kiongozi wa Jeshi Jeupe lililopigana na Wabolsheviki, akapigwa risasi Irkutsk Februari 1920. Sasa fikiri: mwaka 1973, Moscow, nani angetengeneza filamu ambamo shujaa wa uokoaji ni Kolchak? Naamini hilo ni sababu mojawapo ya kisa cha Toll kubaki pembeni na hadithi ya kubuni kuchukua nafasi.

Hadithi hiyo ya kubuni ilitungwa na Vladimir Obruchev, naye hakuwa mtunzi wa kawaida. Alikuwa mwanajiolojia mkubwa wa Siberia, aliyezaliwa 1863 na kufariki 1956. Riwaya yake ilitoka mwaka 1926. Inaanza katika mkutano wa wasomi, afisa wa majini aliyetoka kumtafuta Toll anasema kwamba nchi ya Sannikov haipo, na kijana mmoja kati ya wasikilizaji anasimama kumpinga akitaja ndege waendao kaskazini. Jina la afisa halitajwi, lakini kila aliyekuwa anafuatilia alijua ni nani. Baada ya hapo Obruchev anajiuliza kama mwanasayansi: ingewezekanaje nchi yenye joto ikawepo pale? Anajibu kwa volkano, ardhi ikipashwa moto kutoka chini. Anaijaza mamothi na vifaru wenye manyoya waliosalia hai, na kabila la Waonkilon, jina alilolichukua kutoka masimulizi ya Wachukchi, wenyeji wa kaskazini mashariki ya Siberia, kuhusu watu waliokimbilia visiwani zamani.

Filamu iliwaondoa wanyama wote wa kale. Naelewa, fedha na ufundi wa wakati ule. Lakini hapo ilipoteza kitu, maana wazo la Obruchev la mamothi wa kisiwani halikuwa la ajabu kama lilivyoonekana. Mwaka 1993 watafiti walitangaza kwamba katika kisiwa cha Wrangel, mashariki ya hapo, mamothi waliishi hadi miaka 4,000 hivi iliyopita. Mapiramidi ya Misri yalikuwa yameshajengwa.

Tena kisiwa hicho cha Wrangel kina fundisho jingine. Miaka ya 1820 Ferdinand Wrangel aliambiwa na Wachukchi kwamba siku za anga safi huonekana milima baharini. Alitafuta, akakosa. Kisiwa kilikuwepo, na leo kina jina la mtu ambaye hakukikanyaga. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Ndiyo maana simlaumu Toll kwa kumwamini Dzhergeli.

Kuna jambo katika filamu linalonisumbua, na wewe kama Mwafrika huenda limekugusa pia. Wageni wanaingia katika nchi iliyofichika, wanawakuta watu wanaoishi kama zamani za kale, mganga wao ni mjanja na adui wa wageni, na hatima ya kabila zima inageuka kuwa mandhari ya ujasiri wa wageni. Tunazijua hadithi za namna hiyo. Zimeandikwa nyingi kuhusu bara letu. Namsifu sana Makhmud Esambaev, mcheza ngoma mashuhuri wa Kichechen, kwa jinsi alivyomcheza yule mganga kwa mwili mzima mpaka unasahau udhaifu wa maandishi. Lakini katika kisa cha kweli watu wa kaskazini ndio waliojua njia, waliosoma barafu, waliowalisha wageni. Gorokhov na Protodyakonov walikufa pamoja na Toll, na vitabu vingi vinawataja kwa neno moja tu, wasaidizi. Wapagazi wa Stanley walifanyiwa hivyo hivyo, na Chuma na Susi, waliobeba maiti ya Livingstone hadi Bagamoyo, walisubiri muda mrefu majina yao yatajwe kwa heshima wanayostahili. Filamu ya kisa cha Toll, ikitengenezwa siku moja, natamani iwape wawili wale nafasi ya mbele.

Basi waliona nini? Mwaka 1937 meli ya kuvunja barafu Sadko ilipita eneo hilo, na ndege za angani zililikagua pia. Ni bahari tupu. Zimebaki njia mbili za kueleza, na mimi nadhani kila moja ina sehemu yake.

Ya kwanza ni mazigazi. Hewa iliyogusana na barafu ikiwa baridi sana na ya juu yake ikiwa na joto zaidi, mwanga hupinda, na ukingo mdogo wa barafu ulio mbali hunyanyuka machoni ukawa kama ukuta wa mlima wenye kilele bapa. Maelezo ya Toll ya vilele bapa, tena kwa umbali mkubwa vile, yanalingana sana na hali hii. Na siku ya anga safi haizuii mazigazi.

Ya pili inanivutia zaidi. Sehemu kubwa ya visiwa vya eneo hilo si mwamba. Ni barafu ya kale iliyofunikwa na udongo na majani, imeganda tangu enzi za mamothi. Mawimbi na jua vikiila, kisiwa kizima huyeyuka. Wapimaji wa msafara wa Anjou walipima mwaka 1823 visiwa viwili katika Bahari ya Laptev, Vasilyevsky na Semyonovsky, vyenye urefu wa kilomita kadhaa kila kimoja. Mwaka 1936 meli ilipokwenda kukitafuta Vasilyevsky haikukikuta. Semyonovsky nacho kiliendelea kupungua, na kufikia miaka ya 1950 kilikuwa fungu chini ya maji. Kwa hiyo kisiwa kama hicho kaskazini ya Kotelny kingeweza kuonwa na Sannikov mwaka 1811 na kisiwepo mwaka 1901 Zarya ilipopita. Milima yake ya mawe isingekuwa ya mawe, lakini nchi kavu ingekuwa nchi kavu.

Na ndege? Wako wanaokwenda kaskazini bila kuhitaji nchi yoyote ya joto. Shakwe wa waridi hutaga katika nyanda za maji karibu na mto Kolyma, ambako Sergei Buturlin alikuta viota vyao mwaka 1905. Wakimaliza kulea makinda hawaendi kusini. Hupanda kaskazini hadi kwenye barafu ya Bahari ya Aktiki, ambako wanapata chakula kati ya nyufa. Wakazi wa pwani waliwaona sawasawa wakipotea upande wa baridi, na swali walilojiuliza lilikuwa la haki.

Bahari ile bado inaendelea kubadilika. Mwaka 2013 marubani wa helikopta za jeshi la Urusi waliona katika Bahari ya Laptev kisiwa kidogo ambacho hakikuwa kwenye ramani. Kikapimwa, kikapewa jina Yaya. Kwa hiyo ukiirudia filamu, na Mosfilm imeweka kazi zake nyingi bure kwenye chaneli yake ya YouTube, angalia hasa zile dakika za safari ya barafuni kabla hawajafika bondeni, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo iliyo karibu na mambo yaliyotokea.